Mgeni Pekee wa Roccamora

Jumatatu, 9 Januari

Ukungu. Tena. Nimefungua dirisha la mbele, nimeona ukungu. Nikalifunga, nikaenda kufungua la nyuma ili nihakikishe. Ukungu ule ule.

Sikukuu zimekwisha. Wale wachache waliopanda kutoka bondeni kuja kuona hori la Noeli kanisani wameshuka, na Roccamora imebaki kama sufuria iliyokombwa. Ukuta upo. Minara ipo. Malango yapo, yamesimama tangu enzi za mababu wa mababu zetu, na wageni wa kiangazi huyapiga picha mpaka yanakaribia kuona haya. Watu ndio hawapo. Ukitaka kujua nani yu hai asubuhi, tazama mabomba ya moshi. Vidole vya mikono vinatosha, na vingine vinabaki vya kukunia kichwa.

Leo Nives, mke wangu, amesema amechoka. Husema hivyo kila Januari, lakini safari hii hakupaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anasugua magoti kwa mafuta ya kafuri. Akasema mawe ya nyumba hii yanamnyonya joto kama kupe. Akasema nyumba ya wageni isiyo na wageni ni nyumba tu, tena ya baridi. Ikifika sikukuu ya Mtakatifu Antonio, Jumanne ya wiki ijayo, na hakuna mgeni aliyevuka kizingiti, tunafunga milango na kushuka Terni kwa binti yetu Loredana mpaka Pasaka.

Kwa Loredana! Lifti inanuka kabichi. Dirisha linatazama maegesho ya magari. Kila jioni mkwe wangu huniuliza, "Baba, leo umefanya nini?" Nami sina jibu. Hapa nikiulizwa nasema ninasubiri wageni. Ni kazi hiyo.

Nimekubali sharti lake. Sikuwa na nguvu za kubishana, ngazi za nyumba yetu zimeniishia magotini mimi pia, ila mimi sisemi.

Mpango: taa. Nimewasha taa zote za vyumba vyote, ili apitaye barabara ya chini aone nyumba imefurika watu, atamani. Akili kubwa! Kumbe kwa ukungu ule hata mimi niliyesimama mlangoni sikuziona. Halafu fyuzi ikaungua. Gualtiero akatoa kichwa kwenye dirisha lake ng'ambo ya uwanja, akapiga kelele, "Shemeji! Nani kafa?"

Huyu Gualtiero ni ndugu yake Nives. Ana mkahawa na vyumba viwili juu yake. Mungu alinipa mke mwema, kisha akakumbuka kwamba nimefurahi mno.

Jumanne, 10 Januari

MGENI!

Naandika kwa herufi kubwa maana sijui kama nitapata nafasi nyingine mwaka huu.

Alitokea kwenye ukungu saa tano, ameacha gari uwanjani, ameshika mkoba mmoja, mwenyewe mrefu kama nguzo ya simu. Mholanzi. Jina lake Joost. Sisi tunamwita Yosti, naye ameridhika. Anazungumza Kiitaliano polepole, kila neno analitua chini kama mtu anayepanga vikombe. Nikamkaribisha kwa mikono miwili. Akaingia, akagonga kichwa kwenye boriti ya mlango. Waliojenga nyumba hii walikuwa wafupi na hawakutarajia Waholanzi.

Akiwa anashika paji la uso, akaniuliza kama kuna wageni wengine mjini. Maskini! Nikaona kabisa anaogopa upweke. Nikamtuliza. Nikamwambia asijali, leo ni siku ya mapumziko tu, kuanzia kesho mji utajaa watu, muziki, vicheko, hatapata hata pa kukanyaga.

Uso wake ulisawijika. Uchovu wa safari, bila shaka.

Alianza kusema kitu, kwamba amekuja kwa sababu ya... Nikamwahi. Nikamwambia sababu zote anazo hapa hapa, mimi nitamwonyesha moja baada ya nyingine.

Nikaenda jikoni kumwambia Nives kwamba sharti limetimia. Yeye akapeleka barafu ya kichwa.

Jumatano, 11 Januari

Nimemtembeza. Miguu inawaka moto.

Yosti alitaka kutoka peke yake baada ya kahawa. Mpole sana, hapendi kusumbua watu. Nikamfuata. Akapanda ukutani karibu na Lango la Juu, pale palipo na benchi la jiwe, akaketi akitazama ukungu. Nikaketi naye. Nikamweleza vita tulivyopigana na watu wa Castelforte, tauni, tetemeko la ardhi, na habari ya mke wa bwana mkubwa aliyejengewa ukuta akiwa hai. Hiyo ya mwisho niliitunga pale pale, lakini ilinitoka vizuri hata mimi nikasisimka. Akasema, kwa adabu, kwamba labda angependa kukaa kidogo. Nikamwambia tunakaa. Akasema kukaa kimya. Nikanyamaza. Nikakohoa. Nikakumbuka habari ya kisima kilichotiwa sumu, nikamweleza.

Kahawa ya kwenye chupa yake ilipoa.

Tuliporudi uwanjani nikapigwa na butwaa. Gualtiero, aliyefunga mkahawa tangu Ijumaa akisema hafungui hata akija Baba Mtakatifu, ametoa meza nje! Kitambaa cheupe. Mshumaa. Kwenye barafu! Na nyuma ya mlango amewasha makaa, anakaanga soseji za nguruwe mwitu huku anapeperusha moshi kwa kifuniko cha boksi, aelekeze harufu puani kwa mgeni wangu.

Nikamwambia ni aibu. Akajibu, "Shemeji, moshi huenda unakotaka. Kama unataka kwangu, ni busara ya moshi."

Yosti akala kwangu supu ya dengu. Lakini nilimwona akitazama dirishani.

Alhamisi, 12 Januari

Siku mbaya. Naiandika kwa ufupi, kisha haikubali kuwa fupi.

Nilimwahidi umati. Umati ni lazima upatikane. Asubuhi nikazunguka nyumba zenye moshi nikiomba watu wapitepite uwanjani saa ya chakula cha mchana, kama mji ulio hai. Wengi walinifungia mlango. Fundi viatu mstaafu akasema ana mafua. Nives nilimwomba mara moja tu. Aliweka kisu cha vitunguu mezani taratibu, nikatoka.

Akabaki Bi Armida, mjane wa jirani, aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto na ambaye hajaacha kunikumbusha. Akakubali, ila kwa sharti kwamba kuku wake Regina aje naye, kwa kuwa hawezi kumwacha peke yake kwenye ukungu. Nikampa mitandio ya Nives. Mpango: anapita na mtandio mwekundu, anazunguka nyuma ya kanisa, anarudi na wa buluu, kisha wa kijani. Umati kamili!

Yosti alikuwa dirishani kwa Gualtiero. Ndiyo, kwa Gualtiero. Soseji zimeshinda. Bi Armida akapita mwekundu, vizuri sana. Akapita buluu, akiwa anahema. Mara ya tatu Yosti akafungua dirisha akasema, "Habari tena, Bi Armida. Karibu upumzike." Naye akaingia! Akaketi! Akamweka Regina juu ya kiti! Nikamfuata, nikamnong'oneza kwamba umati hauketi. Akanijibu kwa sauti ya kusikika mpaka Castelforte: "Mwanangu Ersilio, umati huu una miaka themanini na miguu miwili tu. Umati unakunywa divai sasa."

Gualtiero alicheka mpaka akashika ukuta.

Yosti hakucheka. Aliniuliza kwa upole kama wale watu niliowasema wangali wanakuja. Nikamwambia wamechelewa barabarani kwa sababu ya ukungu. Akaangalia sahani yake. Aliniuliza tena kama Jumapili mji utakuwa na kelele. Nikamhakikishia kwamba Jumapili atafurahi.

Nimejilaza na viatu miguuni.

Ijumaa, 13 Januari

Mvua. Nimeshindwa hata kubuni.

Niliingia jikoni nikamkuta Yosti na Nives wakichambua dengu. Wamekaa pande mbili za meza, kila mmoja na sinia lake, hawasemi neno. Jiko la kuni linalia taratibu. Paka amelala kati ya miguu ya mgeni. Nikawahurumia. Ukimya wa aina ile ni mzito jamani! Nikavuta kiti, nikaanza kisa cha askofu aliyepotelea mnarani.

Nives hakuniangalia. Alisema tu, "Ersilio, kuni zinakwisha."

Kuni zilikuwa zimejaa. Nikaenda hata hivyo.

Jumamosi, 14 Januari

Mapema niligombana na Gualtiero kisimani. Anadai mgeni ni wa mji, si wangu. Namwambia amelala kwangu. Ananiambia anakula kwake. Tukamgawa yule mtu kama mbuzi wa harusi: huyu kichwa, yule tumbo. Mwishowe Gualtiero akasema kesho atamletea mpiga kodiani. Mpiga kodiani! Nikajua nikilala nimekwisha.

Nimefungua ghala la mavazi ya sikukuu yetu ya Agosti. Deraya, vazi la chuma la mlinzi wa lango, ipo, imeota kutu kidogo kwenye makwapa. Kofia ya chuma inanibana, lakini ushujaa unabana. Kila asubuhi Yosti huketi pale ukutani. Kesho atafumbua macho amwone mlinzi wa kale amesimama mbele yake, mkuki mkononi, jua linachomoza. Hatasahau maisha yake yote!

Jumapili, 15 Januari

Hatasahau.

Nilipanda ukutani kabla ya misa. Ukungu ulikuwa umepungua kwa mara ya kwanza. Yosti ameketi kwenye benchi lake, amefumba macho, mikono magotini, kama mtu anayesubiri jambo. Chini, Padri Quirino alikuwa amewasili kutoka bondeni. Ana makanisa mengi ya kuhudumia, kwetu huja Jumapili na siku za sikukuu tu, naye mwenyewe ndiye huvuta kamba ya kengele. Nilisikia kamba ikilia. Nikasema sasa! Kengele na mlinzi kwa pamoja!

Nikapiga hatua. Mawe yalikuwa na barafu.

Ngazi za ukuta wetu nimezishuka maisha yangu yote kwa miguu. Leo nimezishuka kwa njia nyingine. Mkuki ulitangulia, ngao ikafuata, mimi katikati, na kila ngazi ilitoa sauti yake. Watu wa bondeni walidhani lori la masufuria limepinduka. Sidhani kama kuna aliyesikia kengele. Mimi sikusikia hata mawazo yangu.

Kofia ikagoma kuvuka masikio. Gualtiero akaja na mafuta ya zeituni, akaweka goti kifuani pangu, akavuta huku anasema, "Tulia, shemeji, hata nguruwe wa Krismasi hunisumbua kidogo kuliko hivi." Ilipotoka ilitoka na ngozi. Nikafungua macho nikamwona Yosti amesimama juu yangu. Nikamuuliza kama alipenda.

Alikuwa analia.

Si kwa kelele. Machozi tu, yanashuka kwenye uso mrefu ule. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema hapana. Akasema vizuri, akaenda zake.

Mchana Nives alinifunga bandeji bila huruma, akanieleza. Yosti alimwambia juzi, kwenye dengu. (Kumbe walikuwa wanazungumza! Wananyamaza ninapoingia tu.) Alikuja hapa zamani na mkewe, Hanneke. Ilikuwa Agosti, wakati wa sikukuu yetu. Foleni kutoka Lango la Chini mpaka uwanjani, vipaza sauti kila kona, ngoma, watu kama siafu. Hanneke aliona kengele inayumba mnarani na hakusikia kitu. Akacheka, akamwambia mumewe, siku moja tutarudi wakiwa wameondoka wote, tuusikie huu mji wenyewe unavyosema. Wakapanga kila mwaka, kila mwaka kikazuka hiki au kile. Vuli iliyopita Hanneke alifariki.

Basi amekuja peke yake. Leo alikuwa amekaa pale anasubiri kengele.

Nikamuuliza Nives kwa nini hakuniambia mapema. Akasema, "Ulinipa nafasi gani?"

Nimekaa kitandani muda mrefu. Mbavu zinauma, na kuna kitu kingine kinauma karibu na mbavu. Nives amesema Yosti alikuwa aondoke kesho, lakini amesikia kwamba Jumanne ni sikukuu na kengele italia tena. Atangoja.

Naapa hapa: kuanzia sasa, kimya. Mtu huyu atapata ukimya hata kama itabidi nimwage damu.

Jumatatu, 16 Januari

Kazi ya ukimya inachosha kuliko kelele.

Nimetia mafuta bawaba zote. Nimemwendea fundi viatu nikamwomba akohoe kwenye mto. Nimekwenda kwa Gualtiero kumweleza habari yote, na kwa mara ya kwanza katika miaka yetu ya ushemeji hakunicheka. Akafuta macho kwa taulo ya vyombo. Akasema atamwambia mpiga kodiani, ambaye jana alikwama bondeni, asije tena. Tukashikana mikono. Kisha akasema, "Kwangu patakuwa kimya kuliko kwako." Nikamwambia haiwezekani, kuta zangu ni nene zaidi. Akasema zake zina popo, na hata popo atawafunga midomo. Tukabishana mpaka Bi Armida akafungua dirisha kutuuliza kama tuna msiba au tumekunywa.

Tatizo ni kesho. Mtakatifu Antonio ni msimamizi wa wanyama. Kutatokea punda, mbwa, kondoo, mabata, wote wanaletwa uwanjani kubarikiwa, na kila mmoja huja na maoni yake. Yosti atazisikia fujo hizo zote, aondoke na picha ile ile ya Agosti. Haiwezekani!

Nimetafakari mchana kutwa. Na kitu chenye sauti kubwa kuliko vyote mjini ni kipi?

Jioni, kabla jua halijazama, nimepanda mnarani na soksi za sufu za Nives, zile nene, na kamba ya nguo. Ulimi wa kengele nimeuvisha soksi zote na kuufunga vizuri. Hata tembo akiuvuta hautatoa zaidi ya pumzi.

Nimeshuka nina amani moyoni. Kwa mara ya kwanza nimemfanyia mtu wema bila kumwambia.

Jumanne, 17 Januari

Nilikuwa nimesahau sehemu moja ya habari. Sijui ilinipitaje. Nililala nayo kichwani, nikaamka nayo, na sikuiona, kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

Uwanja ulijaa kwa kadiri ya uwezo wetu. Watu wa mashamba ya chini walipanda na punda na kondoo. Bi Armida alikuja na Regina, utepe mwekundu shingoni. Mimi nilizunguka nikiwanyamazisha. Nilimwambia mwenye mbwa amfumbe mdomo mbwa. Nilimwambia mwenye punda aelewane na punda. Gualtiero naye alikuwa upande wa pili anafanya vivyo hivyo, akinyamazisha kwa sauti kubwa kuliko mbwa wenyewe. Nikamwambia anapiga kelele. Akaniuliza nani anapiga kelele. Tukaulizana hivyo mara kadhaa, pua kwa pua.

Katikati ya haya nikamwona Yosti. Amesimama mlangoni mwa kanisa, Regina mikononi mwake, kondoo anamtafuna ncha ya koti, na yeye anatabasamu. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake! Bi Armida akamuuliza kama fujo hii haimsumbui. Akasema hapana, hii si fujo, hawa wanakaa hapa. Kisha akasema sasa anangoja kengele tu.

Hapo ndipo niliporudiwa na akili. Ilirudi yote kwa pamoja, kama mlango uliopigwa na upepo.

Nikakimbia. Nikachelewa. Padri Quirino alikwisha kuvuta kamba.

*Pufu.*

Akavuta tena. *Pufu.* Kama mtu anayepiga mto. Uwanja wote ukainua vichwa. Hata punda alinyamaza, na safari hii bila kuombwa. Yosti alitazama juu mnarani. Kengele inayumba, inakwenda, inarudi, na hakuna sauti. Nikaona uso wake, na nikajua anaona Agosti ile, na aliyekuwa amesimama kando yake.

Sijawahi kutamani kuwa Terni kama nilivyotamani dakika ile.

Nives alinishika mkono. Akauliza kwa sauti ya chini sana, "Ersilio. Soksi zangu ziko wapi?"

Nikaonyesha juu kwa kidole.

Nikaanza kupanda. Katikati ya ngazi pumzi ikaniishia, nikakaa chini nikasema nitafia hapa, afadhali. Gualtiero akatokea nyuma yangu, mwekundu kama nyanya, anakoroma kama kiwanda. Nilijua amekuja kunisuta. Akasema, "Inuka, shemeji. Mimi nasukuma, wewe tukana." Akanisukuma makalioni mpaka juu. Vidole vyangu vilikuwa vimekufa ganzi, fundo nilikuwa nimelifunga kwa upendo mkubwa na halikufunguka. Gualtiero akalikata kwa kisu cha soseji. Tukapiga kelele kwa Padri, vuta! Tukasahau kwamba bado tuko chini ya kengele.

Alivuta.

Mambo ya baada ya hapo nimeelezwa, maana mimi na Gualtiero hatukusikia chochote mpaka jioni. Nilichungulia tu kwenye tundu la mnara. Ukungu ulikuwa umeshuka bondeni, na mji umekaa juu yake kama mkate kwenye meza. Watu hawasogei. Yosti amevua kofia. Nives amesimama kando yake, hamshiki, hamsemeshi, amesimama tu. Bi Armida ananiambia kengele ililia mpaka Padri akachoka, kisha Yosti akamwomba kama naye anaweza kuvuta mara moja, akavuta mara moja, akasema asante. Hakumwambia Padri asante, alisema tu hewani.

Gualtiero alikuwa akiniambia kitu mnarani. Mdomo unakwenda. Nami nikamjibu. Tulizungumza vizuri sana pale, kuliko siku zote.

Jumatano, 18 Januari

Yosti ameondoka. Amegonga kichwa mlangoni kwa mara ya mwisho, akaipapasa ile boriti kama mtu anayemuaga farasi.

Nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanikauka. Akanishika bega, akasema Hanneke angecheka, hasa ile siku ya ngazi. Akasema hata yeye atacheka, ila bado kidogo. Kisha akasema mji wangu ni mzuri sana ukinyamaza. Nadhani alisema "mji". Masikio yangu bado yanavuma.

Halafu nikaona mkoba wa pili garini. Wa Nives.

Nikamwambia tumekubaliana! Mgeni kabla ya Mtakatifu Antonio, na mgeni alikuja. Haki iko wapi? Akanifunga vizuri skafu yangu shingoni, kama anavyofanya tangu tulipooana. "Mgeni alikuja, mume wangu. Magoti yangu yako pale pale." Yosti anapita Terni, atamshusha kwa Loredana. Nives akaniuliza kama ninapanda. Alisubiri mlango wa gari ukiwa wazi, akasubiri kweli.

Nikasema siwezi kufunga nyumba ghafla hivi. Na akija mtu?

Akasema, "Basi. Supu iko jikoni. Barabara ya kushuka unaijua."

Gari likapita Lango la Chini, likaingia kwenye ukungu, likawa halipo.

Nimekula supu nimesimama.

Alhamisi, 19 Januari

Nimelala vibaya. Kitanda ni kipana.

Asubuhi nimechukua kahawa nikapanda ukutani, nikaketi kwenye benchi la jiwe. Hakuna wa kumsimulia kitu. Nikanyamaza, kwa kukosa jinsi. Mwanzoni palikuwa tupu. Kisha nikasikia maji yanadondoka kwenye bomba la paa la kanisa. Njiwa wanasogea chini ya vigae. Bi Armida anamgombeza Regina. Mahali fulani mtu anapasua kuni, na kila pigo linafika mara mbili, moja kutoka kwake, jingine kutoka ukutani. Fundi viatu akakohoa, bila mto. Miaka sitini na kitu nimekaa humu, sikuwahi kusikia.

Ni kitu kizuri. Nilikaa hivyo, nimechoka, nimetulia, macho yamenilowa kidogo kwa baridi. Nikaelewa kila kitu. Nikaelewa alichokuja kutafuta yule mtu. Nikaelewa kwamba kiko hapa wakati wote, kingi, bure, na hakuna anayejua.

Hakuna anayejua!

Nilimwaga kahawa nikisimama. TAMASHA LA UKIMYA! Kila Januari! Dunia imejaa watu waliochoshwa na kelele, na sisi tumekaa juu ya ukimya kama Waarabu juu ya mafuta! Bendi ya matarumbeta kutoka bondeni italifungua. Vipaza sauti mnarani, vinawatangazia watu kila baada ya muda kwamba wanyamaze. Mimi nitasimama Lango la Juu, nitawaelezea ukimya, maana lazima uelezwe, mtu hawezi kuuelewa peke yake.

Nikashuka mbio kumwambia Gualtiero, na hapo ndipo nilipokosea. Amesema yeye alilifikiria tamasha hilo kabla yangu, tangu mnarani, ndilo alilokuwa ananiambia nikiwa kiziwi. Lake linaitwa Wiki ya Utulivu, na litafungwa kwa fataki. Fataki! Mwizi! Nimemwambia tutaonana Januari ijayo. Amenijibu kwa kunitupia kitunguu.

Nimempigia simu Nives kumpa habari njema. Nimemweleza yote, matarumbeta, vipaza sauti, mahali nitakaposimama. Hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza alikaa kimya kwa muda mrefu sana, nasikia tu televisheni ya mkwe wangu kwa mbali.

Amevutiwa. Nimemwambia, hivyo hivyo hasa! Kitu hicho hicho ndicho nitakachowauzia.

Kesho naenda bondeni kuonana na mwenye bendi.